Bonde la Ruzizi: Upepo hauna kiberiti

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita hadi mvua za kwanza zinaporudi, moshi unasimama juu ya bonde la Ruzizi, kutoka upande wa Kamanyola hadi Kiliba. Na kila mwaka jibu la wakubwa linakuwa lile lile: ni upepo. Shamba la mihogo limeungua, ni upepo. Nyumba za nyasi zimebaki majivu, ni upepo. Bashe za wahami wa vita zimeyeyuka pamoja na kila kilichokuwa chini yake, ni upepo. Mkubwa anafika siku ya pili, anatazama, anatikisa kichwa, anaomba mashirika yasaidie, anarudi mjini.

Upepo hauna kiberiti. Upepo haukuchagua mahali pa kuweka kambi. Upepo haukuacha nyasi zikue hadi mlangoni mwa nyumba za watu. Hayo yote yamefanywa na watu, au yameachwa na watu waliokuwa na kazi ya kuyafanya. Raiya wa bonde, wenyeji pamoja na wahami, wana haki ya kuambiwa ukweli huo mapema, nyasi zingali mbichi, kuliko kuletewa pole juu ya majivu.

Moto unavyotembea

Anayeishi bondeni anajua hali ilivyo. Mvua inakatika mwezi wa tano. Nyasi zilizopita urefu wa mtu zinaanza kugeuka rangi, na kufikia mwezi wa saba zimekauka kabisa. Unyasi ni mwembamba, haufanani na gogo. Unaweza kuwa na umande asubuhi na kuwa mkavu kama karatasi saa sita ya mchana. Jua linapopasha bonde, upepo unaamka kutoka upande wa ziwa Tanganyika na kuelekea kaskazini. Katika miezi hiyo hiyo pepo za kusini-mashariki zinavuma kwa nguvu juu ya ziwa, na wavuvi wa Uvira wanazijua vizuri. Kati ya saa sita na saa kumi ya mchana, hatari inakuwa kubwa kuliko saa zote za siku.

Moto wa nyasi wenye upepo nyuma yake unaweza kumshinda mtu mbio. Unarusha cheche mbele yake. Cheche inavuka barabara, inavuka mfereji wa mpunga, inaangukia paa la nyasi. Moto ukifika chini ya milima ya Mitumba unapanda kwa kasi zaidi, sababu joto lake linakausha nyasi za juu kabla ndimi hazijazifikia. Kwa hiyo anayekimbia kwa kupanda kilima anajiweka katika njia ya moto. Kinachookoa ni kwenda pembeni, kutoka katika njia ya upepo, ao kusimama penye udongo mtupu, ao mahali palipokwisha kuungua. Mafundisho haya ni ya dakika mbili. Yangeweza kutolewa katika kila shule, kila kanisa na kila msikiti kabla ya kiangazi, bila franka hata moja. Mtoto wa bonde anajifunza majina ya mito ya mbali, lakini hafundishwi akimbilie wapi nyasi zikiwaka nyuma ya darasa lake.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi katika barza: vita inalisha moto. Familia ikikimbia, shamba linabaki bila jembe. Mahali palipokuwa mihogo na mahindi panaota nyasi. Ng'ombe wakihamishwa ao wakiibwa, nyasi zilizokuwa zinaliwa zinabaki zimesimama. Njia za miguu zilizokuwa zinakata pori zinafungwa, sababu hakuna anayepita. Mwezi wa pili wa 2025 makumi ya maelfu ya raiya walivuka Ruzizi kuingia Burundi, na wengine wengi wamehama ndani ya nchi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila shamba lililoachwa ni kuni zilizopangwa zinazongoja mwenye kiberiti. Mkubwa anayesema moto wa siku hizi umekuwa mkali kwa sababu ya upepo angeanza kwa kuhesabu mashamba yasiyolimwa.

Wanaowasha

Wakati wa jua, radi ni adimu bondeni. Moto karibu wote unatoka mikononi mwa watu, na kila mwenye mkono ana sababu yake.

Mkulima anachoma kusafisha shamba kabla ya mvua, sababu hana trakta, na jembe peke yake halimalizi pori kwa wakati. Mfugaji anachoma ili majani mapya yaote, sababu ng'ombe wanaoshuka kutoka milimani wakati wa jua hawali majani makavu kama miti. Mwindaji anachoma ili panya wa pori watoke. Mrina asali anaacha mwenge wake chini ya mti. Mchoma makala anafunika tanuru vibaya na kwenda kulala. Mama katika kambi anapika juu ya mbabula mlangoni mwa hema, sababu hakuna jiko na hakuna kiwanja. Tena wako watu wenye silaha wanaochoma kwa makusudi, ili adui asifichame ao ili wenyeji wasirudi. Milima iliyo juu ya bonde imeona vijiji vingi vikichomwa namna hiyo katika miaka ya karibuni.

Mkulima, mfugaji na mama wa mbabula si waovu. Wanafanya kazi yao kwa chombo walicho nacho. Mwenye silaha anayechoma kijiji anafanya kosa, na sheria inamjua. Lakini katika bonde hili watu hawa wote wanawekwa katika mfuko mmoja, kisha mfuko unafunguliwa kwa kutafuta kabila.

Hapo moto wa nyasi unageuka kuwa moto wa watu. Shamba likiungua, mkulima anasema wafugaji. Malisho yakiungua, mfugaji anasema wakulima. Hakuna anayekwenda kutazama moto ulianzia wapi, saa ngapi, upepo ukitoka upande gani. Jina la kabila linatajwa kabla ya majivu kupoa. Bonde hili limekwisha kuzika watu wengi kwa ugomvi ulioanza na mambo madogo kuliko hayo. Mutarule inajua. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa sita 2014 zaidi ya watu 30 waliuawa pale, na maelezo ya kwanza ya maofisa yalikuwa habari ya ng'ombe walioibwa. Mkubwa anayeacha moto bila uchunguzi, na kuacha uvumi ufanye kazi ya polisi, anachezea jambo zito kuliko nyasi.

Na uchunguzi unaofanyika mara nyingi ni wa kukamata mnyonge. Mtoto mchunga mbuzi anaonekana karibu na moshi, anakamatwa, baba yake anatafuta pesa ao mbuzi wa kumtoa, na kesi inaisha. Pesa hiyo haijengi nyumba iliyoungua. Haikati nyasi. Mwaka unaofuata moto unarudi, na mtoto mwingine anakamatwa. Hiyo si adhabu, ni biashara ya kiangazi.

Mhami si mshitakiwa

Karibu na kila kambi kuna sauti inayosema: tangu hawa watu wafike, moto umezidi. Maneno hayo yanasemwa sokoni, yanasemwa kwenye bomba la maji, na mara nyingine yanasemwa na watu wenye vyeo. Ni maneno ya uvivu na ya hatari.

Mhami hakuchagua kiwanja. Alioneshwa. Mara nyingi alioneshwa kiwanja ambacho hakuna mwenyeji aliyekitaka: pembeni ya pori, chini ya kilima, mbali na maji. Alipewa bashe na miti michache, akaambiwa ajipange. Aliposema mahema yamekaribiana sana, aliambiwa ashukuru.

Lakini vipimo viko, na si siri. Kitabu cha vipimo vya Sphere, ambacho mashirika ya msaada duniani yanakifuata, kinasema wazi: katika sehemu iliyojengwa, kuwe na uwazi wa kuzuia moto wenye upana wa mita 30 kila baada ya mita 300, na kati ya hema na hema kusipungue mita 2, na ni bora umbali huo uwe mara mbili ya urefu wa hema kwenda juu. Mtu yeyote anaweza kuchukua kamba na kwenda kupima. Penye mahema ambapo mama akinyosha mkono anagusa la jirani, kipimo kimevunjwa. Na aliyekivunja si mama huyo. Ni aliyetoa kiwanja kidogo kwa watu wengi, na aliyekubali kuweka watu pale na kuandika ripoti kwamba wamepokelewa vizuri.

Ndani ya hema, moto hauhitaji dakika nyingi. Plastiki inayeyuka na kudondoka ikiwaka juu ya mgongo wa aliyelala. Familia iliyokwisha kupoteza nyumba, shamba na ng'ombe inapoteza sufuria, blanketi, daftari la shule. Inapoteza pia kadi ya uchaguzi, ambayo kwa Mkongomani wa kawaida ndiyo kitambulisho chake, na jetoni ya kupokea chakula. Bila kadi, kizuizi cha barabarani kinakuwa ukuta. Bila jetoni, siku ya kugawa unga jina halionekani. Mtu aliyekimbia risasi akiwa na mfuko mmoja anabaki bila mfuko. Hasara hiyo haiandikwi popote, sababu katika hesabu inaonekana ni mahema machache tu.

Kwa hiyo anayesema mhami ndiye hatari ya moto amegeuza mambo. Mhami ndiye wa kwanza kuunguzwa. Na mwenyeji anayecheka leo akumbuke kwamba upepo ukigeuka, paa lake la nyasi liko mbele.

Marufuku ya karatasi

Sheria haikosekani. Kongo ina sheria ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa nane 2002, na sheria ya makosa inaadhibu anayechoma nyumba ao shamba la mwingine kwa kusudi. Wakubwa wengi wanaona hiyo inatosha. Kiangazi kikifika wanatoa tangazo: kuchoma pori ni marufuku. Tangazo linabandikwa mlangoni mwa ofisi, na watu wanaendelea kuchoma, lakini sasa wanachoma kwa siri.

Hilo ndilo kosa kubwa la marufuku tupu. Anayechoma kwa siri anachoma peke yake, bila majirani wa kumsaidia kuzima. Anachoma haraka na kukimbia. Anachagua saa ambayo hakuna anayemwona, hata ikiwa ni saa ya upepo. Na kwa kuwa anaogopa mwezi wa tano na wa sita, anangoja hadi mwezi wa nane na wa tisa, wakati kila kitu kimekauka na moto hauna breki.

Wazee wa zamani hawakufanya hivyo. Walichoma mapema, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, nyasi zikiwa bado na maji ndani. Moto wa namna hiyo ni mfupi, unatembea polepole, unazima wenyewe ukifika kwenye umande wa jioni, na unaacha vipande vilivyoungua ambavyo baadaye vinazuia moto mkubwa usipite. Wataalamu walikuja kuthibitisha jambo hilo si mbali na mpaka wa Kongo. Huko Ndola, Zambia, upande wa pili wa Haut-Katanga, mwaka 1933 viligawanywa viwanja vya pori: vingine vichomwe mapema, vingine vichomwe mwishoni mwa kiangazi, vingine visichomwe kabisa. Miaka ilivyopita, moto wa mwisho wa kiangazi uliangamiza miti. Penye moto wa mapema, miti ilibaki. Pasipochomwa, msitu ulirudi.

Watakaojibu kwamba kuchoma mapema nako ni kuharibu nchi wana sehemu ya ukweli. Udongo unaochomwa kila mwaka unachoka, na kilima kisicho na majani kinaleta maporomoko na mafuriko. Uvira haijasahau mto Mulongwe wa mwezi wa nne 2020. Hakuna anayesema vilima vichomwe. Kinachosemwa ni kwamba pembezoni mwa kijiji, mwa kambi na mwa shamba, kama moto lazima uwepo, uwe mdogo, wa mapema, wa asubuhi, wenye watu wa kuusimamia. Kati ya moto unaopangwa na moto unaofichwa, kiongozi mwenye akili anachagua unaopangwa.

Hata matajiri wanaungua, lakini wanauliza

Wengine wanasema: hii ni shida ya nchi maskini, hakuna la kufanya. Si kweli. Kwanza, ni shida ya Afrika kuliko mahali pengine popote: sehemu kubwa ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka, karibu theluthi mbili ao zaidi, iko katika bara hili, na Kongo iko mbele katika hesabu hiyo. Lakini nchi tajiri nazo zina nyanda zao za nyasi na upepo wao.

Mfano uko Marekani, katika nyanda za kaskazini mwa jimbo la Texas. Kule hatari inakuja mwisho wa baridi, mwezi wa pili na wa tatu, wakati nyasi za mwaka uliopita zimekauka na mpya hazijaota. Mji wa Amarillo katika sehemu hiyo umepokea wakimbizi kutoka nchi nyingi, Wakongomani wakiwemo, kwa hiyo familia za Kivu zinaweza kuwa na ndugu wanaoujua upepo huo. Tarehe 26 mwezi wa pili 2024 uliwaka moto uliopewa jina la Smokehouse Creek. Upepo ulikuwa mkali sana. Moto uliteketeza zaidi ya hekta 400,000, mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo hilo. Watu wawili walikufa, na ng'ombe kwa maelfu.

Kwa hiyo hata wenye ndege za kumwaga maji walishindwa na upepo. Lakini mambo mawili yanawatofautisha na bonde la Ruzizi. La kwanza: kule idara ya hali ya hewa inatangaza siku za hatari kabla hazijafika. Tangazo linaitwa la bendera nyekundu, na maana yake inajulikana na kila mfugaji: leo hewa ni kavu, upepo ni mkali, usiwashe kitu. La pili: moto ulipokwisha, hakuna aliyekubaliwa kusema ni upepo na kwenda nyumbani. Wachunguzi walitafuta mahali ulipoanzia, wakaziona nyaya za umeme. Kampuni ya umeme ikakubali kwamba vifaa vyake vinaonekana kuhusika. Wabunge wa jimbo wakaketi kusikiliza wafugaji waliopoteza mali, na nguzo iliyooza ikatajwa mbele ya watu wote. Upepo ulikuwepo, lakini nguzo ilikuwa na mwenyewe.

Bonde la Ruzizi halihitaji ndege ili kufanya hayo mawili. Kongo ina idara yake ya hali ya hewa, METTELSAT, na kazi ya idara ya namna hiyo ni kuhudumia raiya wa kila jimbo. Picha za satelaiti zinazoonyesha moto zinatolewa bure kwenye intaneti na shirika la Marekani la NASA, ndani ya saa tatu hivi baada ya satelaiti kupita. Ofisa mwenye simu nzuri anaweza kuziona. Redio za jamii ziko Uvira na bondeni, na zinafika hata ndani ya kambi zisizofikiwa na gari. Kinachokosekana ni mtu mwenye cheo wa kuamua kwamba habari ya upepo wa kesho ina thamani kama habari ya ziara ya waziri.

Sange haikufundisha kitu?

Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, katikati ya kiangazi, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara kuu namba 5. Mafuta yalimwagika, watu walikusanyika, wengine wakichota. Mafuta yalilipuka. Moto uliingia katika nyumba za udongo na nyasi, na hata mahali ambapo watu walikuwa wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 200 walikufa, na wengi walizikwa pamoja.

Wageni wakubwa walikuja na ahadi zilitolewa. Leo raiya wa Sange ana haki ya kuuliza kwa sauti: gari la kuzima moto la bonde liko wapi? Kituo cha kutibu walioungua kiko wapi? Malori yanaendelea kupita na kodi ya barabara inaendelea kulipwa. Ushuru wa soko unachukuliwa kila siku, hata kwa mama mwenye mafungu matatu ya sombe. Sehemu gani ya pesa hiyo imerudi kama pipa la mchanga, kama koleo, kama kengele ya hatari?

Swali hili si la uasi. Ni swali la mlipa kodi.

Kinachodaiwa kabla ya kiangazi

Kuna kazi ambazo haziwezi kungoja amani, na ambazo haziombi pesa nyingi.

Kwanza, mikanda ya kuzuia moto. Salongo ipo, na raiya wanaitwa kila wiki kufagia barabara ya mkubwa apite. Salongo za mwezi wa tano zifanye kazi ya kukata nyasi kuzunguka kila kijiji, kila shule, kila kituo cha afya na kila kambi, hadi udongo uonekane. Shefu wa kijiji aanze na jembe mkononi, siyo na orodha ya kulipisha waliokosa.

Pili, mkataba wa moto kati ya wakulima na wafugaji, kijiji kwa kijiji, kabla ng'ombe hawajashuka. Uandikwe siku za kuchoma, saa za kuchoma, nani anaarifiwa, nani anasimama na matawi mabichi ya kuzimia. Hakuna moto baada ya saa nne ya asubuhi. Hakuna moto kabisa baada ya mwezi wa saba. Anayevunja mkataba anajibu mbele ya barza ya pande zote mbili, na fidia inakwenda kwa aliyeunguliwa, siyo mfukoni mwa ofisi.

Tatu, siku ya upepo itangazwe. Redio iseme asubuhi. Mahali redio haifiki, kitambaa chekundu kipandishwe juu ya mti wa sokoni na kengele ya kanisa ipigwe. Mwanafunzi wa msingi anaweza kuelewa ishara hiyo.

Nne, kambi zipimwe kwa kamba, mbele ya wahami wenyewe. Penye mahema yaliyobanana, kiwanja kiongezwe. Jiko la pamoja lijengwe kwa matofali mabichi, lenye ukuta upande unaotoka upepo. Mapipa ya maji na mchanga yawekwe, na vijana wa kambi wapewe zamu. Kadi na jetoni za kila familia ziandikwe mahali pengine pia, ili moto usifute watu katika hesabu.

Tano, kila moto ulioharibu mali ya watu uchunguzwe kwa macho kabla ya kuchunguzwa kwa kabila. Ulianzia wapi? Saa ngapi? Nani alikuwa na kazi ya kukata nyasi pale, na kwa nini hazikukatwa? Majibu yasomwe mbele ya raiya.

Wenye silaha, wa upande wowote, nao wanasikia redio. Anayechoma pori ili amfichue adui anachoma chakula cha watoto ambao anasema anawapigania. Hakuna barza inayoweza kumzuia leo, lakini jina lake linakumbukwa.

Nyasi za bonde sasa ni ndefu na bado zina maji. Kuna wiki chache za kuzikata kwa jembe kabla hazijakatwa na moto. Wakubwa wa bonde wanaombwa wajibu jambo moja rahisi, kila mmoja kwa kijiji chake na kwa kambi iliyo chini yake: mkanda utakatwa siku gani? Watoe tarehe. Raiya wataiandika.